Uzi ulipokwisha: ajali ya jicho kwa vibarua wa msimu wa bustani ya umma

Kisa chenyewe kwa ufupi

Kisa hiki kilitokea kwenye bustani ya umma ya mji mmoja wa mwambao wa Tanzania, wakati wa masika. Jina la mji, la hospitali na la kila mhusika limeondolewa, na mwaka hautajwi. Wahusika wanatambulishwa kwa kazi zao: afisa bustani, mnyapara, fundi, mwendesha mashine na mpiga reki.

Mpiga reki, mama wa miaka arobaini na ushei, alipigwa jicho la kulia na kipande cha waya kilichoruka kutoka kwenye mashine ya kukata majani. Ripoti ya ndani, kurasa mbili, ilifunga hesabu kwa maneno matatu: "uzembe wa kibarua". Ukiisoma peke yake unaweza kuridhika, maana ni kweli kwamba kijana wa mashine alifunga waya mahali pa uzi wa nailoni, ule unaozunguka na kukata majani. Lakini ukirudi nyuma siku nane tu, unakuta maamuzi mengine matano, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Bustani na watu wake

Eneo lote ni eka nane hivi, na eka tano kati ya hizo, yaani mita za mraba 20,000, ni majani: ukoka sehemu za jua, pemba kwenye vivuli vya mikungu na miarobaini. Kiangazi watumishi watano wa kudumu wanatosha, tena wanapata muda wa kukaa. Masika yakishika, ukoka uliokatwa Jumatatu unadai kukatwa tena wiki inayofuata, mitaro inaziba kwa majani ya mkungu, na mapipa ya taka yasiyo na mifuniko yanapekuliwa na kunguru hadi taka zinatapakaa kwenye majani yale yale yanayosubiri mashine. Hilo la kunguru linaonekana dogo. Tutalirudia.

Katikati ya Machi halmashauri ilichukua vibarua 14 kwa miezi mitatu. Wanne waliwekwa kwenye mashine, wanne kwenye reki na toroli, watatu mitaroni, wawili vyooni na kwenye mapipa, mmoja kwenye miche. Malipo yalikuwa shilingi 10,000 kwa siku, yakitumwa kwa simu kila wiki mbili kwa kufuata daftari la mahudhurio ambalo mnyapara alilijaza kila asubuhi na kila jioni. Fomu za mkataba zilichapwa, zikawekwa kabatini, na kila mtu akaambiwa atasaini "mwisho wa mwezi". Hazikusainiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na wanaoachwa nje ya sharti hilo ni wale wa chini ya siku 6 kwa mwezi. Hawa walikuwa wakifanya siku 26.

Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Fundi, mtumishi wa kudumu, aliwaonyesha wale wanne namna ya kuvaa mkanda, kuwasha mashine, na kukata kwa kupeleka kichwa cha mashine kutoka kulia kwenda kushoto ili majani yaangukie upande uliokwisha kukatwa. Waliobaki hawakuhudhuria, kwa hoja kwamba wao hawatumii mashine. Vifaa vilikuwa barakoa nne za wavu za kukinga uso, jozi nne za viziba masikio, na buti za mpira kwa wote. Miwani haikuwapo hata moja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, na kwa wiki nne ulifuatwa. Bustani iligawanywa vitalu vya mita za mraba 1,500. Kabla mashine haijaingia, wapiga reki wawili walikipita kitalu kwa mstari wakiokota chupa, vifuniko vya soda, mawe, vipande vya waya na mifuko ya plastiki. Kazi hiyo ilichukua dakika 25 hadi 40 kwa kitalu, zaidi baada ya siku ya sikukuu. Kisha mashine ikaingia peke yake. Mpiga reki aliingia pale tu mashine ilipohamia kitalu cha pili.

Mfuatano wa matukio

*Wiki ya tano.* Fundi alikwenda likizo. Kuchanganya mafuta kukaangukia kwa mnyapara, naye akamwachia yeyote aliyewahi stoo. Stoo ilikuwa na madumu mawili ya njano ya lita 5 yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa na petroli iliyochanganywa na oili kwa ajili ya mashine za majani, jingine petroli tupu ya pampu ya maji. Fundi aliyajua kwa mkwaruzo uliokuwa kwenye mpini wa dumu la mchanganyiko. Hakuna mwingine aliyeujua.

Tarehe 20 Aprili asubuhi mashine mbili zilijazwa petroli tupu. Injini ya stroki mbili haina oili yake chini; oili inayoilainisha ni ile iliyomo ndani ya petroli. Ya kwanza ilipungua nguvu ndani ya nusu saa, ikazimika, na kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Ya pili ilifuata kabla ya saa nne. Zote mbili zilikuwa zimenoki, pistoni zimechubuka upande wa ekzosi.

*Tarehe 20 hadi 25 Aprili.* Mvua ilinyesha mfululizo. Hakuna kilichokatwa. Majani yalifika gotini.

*Tarehe 26 Aprili.* Afisa bustani alipewa taarifa kwamba bustani ingetumika kwa sherehe ya Mei Mosi, na kwamba eneo lote liwe limekatwa ifikapo jioni ya tarehe 30. Alikuwa na siku tano na mashine mbili. Aliwaondoa watatu wa mitaroni, wawili waliopoteza mashine na yule wa miche, akawapa makwanja wote sita. Siku ya kazi ikarefushwa, kutoka saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 12 jioni. Wapiga reki waliambiwa waache kuokota kabla ya mashine na badala yake waifuate mashine kwa karibu, ili majani yaliyokatwa yaondolewe siku ile ile.

Jioni hiyo uzi wa nailoni ukaisha. Roli jipya halikufika shilingi 60,000, lakini afisa bustani alikuwa hajarejesha masurufu, yaani fedha ya kazi aliyokabidhiwa mkononi, ya ununuzi wa miche, risiti mbili zikiwa hazionekani, na mhasibu hawezi kutoa masurufu mapya juu ya yale ambayo hayajarejeshwa. Aliomba, akajibiwa asubiri.

*Tarehe 27 Aprili.* Mwendesha mashine alifika na waya wa klachi ya pikipiki, alioununua kwa fedha yake kwenye banda la mafundi bodaboda. Aliukata vipande, akavifunga kwenye kichwa. Mwenzake akaiga. Kinga ya mashine ya huyu wa kwanza ilikuwa imeondolewa tangu wiki ya pili kwa sababu majani mabichi yalikuwa yakijisokota chini yake na kuizima injini. Mnyapara aliona waya. Alisimama, akatazama, akasema unakata vizuri. Na ulikata vizuri: siku hiyo mashine mbili zilimaliza mita za mraba 2,200, wakati siku iliyotangulia zilimaliza 1,500. Afisa bustani alisikia hesabu hiyo jioni akawapongeza. Hakuuliza uzi umetoka wapi.

*Tarehe 28 Aprili, saa 3:40 asubuhi.* Mwendesha mashine alikuwa akikata sambamba na njia ya zege, mpiga reki akimfuata nyuma hatua sita hivi. Alipofika mwisho wa mstari aligeuka ili arudi akisafisha ukingo. Kwa kugeuka huko, aliyekuwa nyuma yake akawa mbele yake, kushoto. Mama alikuwa ameinama anasukuma lundo. Waya uligonga jiwe la ukingo, ukalia mlio mkali, naye akainuka akishika uso.

*Dakika zilizofuata.* Mwenzake mmoja alikuja mbio na chupa ya maji na ncha ya kitenge, akitaka kumwosha na "kumtoa kitu". Kibarua wa vyooni, ambaye aliwahi kufanya kazi karakana ya kuchomelea vyuma, alimzuia. Alikata kitako cha kikombe cha karatasi cha kahawa, akakiweka juu ya jicho bila kuligusa, akakishika kwa plasta mbili kwenye paji la uso na shavuni. Alimkalisha wima, akamwambia asikodoe, asifikiche, asile wala asinywe. Walimpeleka kwa bajaji.

Hospitalini, mapokezi waliuliza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mnyapara hakujua ajibu nini, akaanza kujiandaa kwenda polisi. Afisa bustani alipofika ndipo ikaelezwa kwamba si ugomvi wala ajali ya barabarani, ni ajali ya kazini. Akapokelewa. Kutoka kupigwa hadi kuonwa na daktari ilipita saa moja na dakika 25, na kati ya hizo dakika 40 zilikwisha mapokezi. Picha ya eksirei ilionyesha kipande chembamba cha chuma ndani ya jicho. Alichomwa sindano ya pepopunda, akapelekwa hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji siku iliyofuata.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kuwacheka watu hawa ukiwa umekaa. Basi tuseme kila mmoja alikuwa anaona nini.

Afisa bustani alikubali lengo la siku tano kwa sababu agizo lilikuja likiwa limekamilika. Hakuulizwa kama linawezekana, naye hakupiga hesabu ya kulipinga. Aliondoa kazi ya kuokota kwa sababu kwenye karatasi ilionekana kama dakika 40 za watu wawili wasiokata chochote.

Mnyapara aliruhusu waya kwa sababu chaguo jingine alilokuwa nalo ni mashine mbili kulala na yeye kuulizwa kwa nini. Kununua uzi hakukuwa kwenye uwezo wake.

Mwendesha mashine alifunga waya kwa sababu alishaona wengine mjini wakifanya hivyo kwenye viwanja vya watu, na kwa sababu kibarua anayesema "sina uzi" asubuhi anajiona hatarini kukosa jina kwenye daftari jioni. Hakuwahi kuambiwa kwamba anaruhusiwa kusimamisha kazi. Hakuwahi pia kuambiwa kwamba haruhusiwi, lakini kwa mtu anayelipwa kwa siku hayo mawili hayana tofauti.

Mhasibu alifuata kanuni. Kanuni ya masurufu ina maana yake na hatuilaumu. Tatizo ni kwamba kitu kinachoisha kila wiki mbili kilikuwa kinanunuliwa kwa njia ya dharura.

Matokeo

Afisa bustani alisimamisha mashine zote saa ile ile. Sehemu ya mbele ilimaliziwa kwa makwanja. Nusu ya nyuma iliyobaki na majani ya gotini ilizungushiwa kamba. Sherehe ikafanyika mbele, watu wakakaa chini ya mikungu, na hakuna aliyelalamika kuhusu nusu ya nyuma, si siku hiyo wala baadaye.

Baada ya miezi minne mpiga reki alikuwa anaweza kuhesabu vidole kwa jicho hilo kwa umbali wa mita 2, na mwanga mkali ulikuwa unamuumiza. Jicho la kushoto lilikuwa zima.

Fidia ilichelewa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu kibarua kama unavyomhusu mtumishi wa kudumu, lakini ofisi ilipoteza siku ikibishana kama "hawa wa posho" wamo. Sheria inampa mwajiri siku 7 tangu apate habari za ajali kutoa taarifa. Simu ilipigwa siku ya 6, maandishi yakapelekwa siku ya 19. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye karatasi za malipo. Fedha za vibarua zilikuwa zimeandikwa "posho ya usafi", si ujira, na hivyo hazikuonekana popote kama mapato ya mtu. Fidia ya mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hukokotolewa kwa asilimia 70 ya mapato yake. Mapato yasipoonekana hakuna cha kuchukulia asilimia 70. Kilichookoa ni daftari la mahudhurio na ujumbe wa malipo ya simu ambao mama alikuwa hajaufuta. Siku 34 za kazi, saini asubuhi na jioni, na miamala inayolingana nazo. Madai yalikubaliwa. Kabla ya hapo wenzake walikuwa wameshachangishana shilingi 186,000 za dawa na nauli.

Mwendesha mashine aliondolewa kwenye orodha wiki ile ile. Siku zake 9 za mwisho zililipwa Juni.

Uchambuzi: hesabu iliyokosekana

Hesabu ni hii. Mashine moja kwenye majani ya kifundo cha mguu ilikuwa inamaliza kitalu kimoja kwa siku, mita za mraba 1,500. Majani yakifika gotini, tena yamelowa, inamaliza nusu yake. Mtu wa kwanja kwenye majani hayo hayo anafyeka 250 hivi. Kwa hiyo mashine mbili zinatoa 1,500, makwanja sita 1,500, jumla 3,000 kwa siku, na 15,000 kwa siku tano. Lengo lilikuwa 20,000. Pengo la mita za mraba 5,000 lilikuwepo tangu asubuhi ya kwanza, na lisingezibwa na bidii.

Pengo lisilotajwa halipotei. Linashuka ngazi hadi kwa mtu wa chini kabisa, naye analiziba kwa alicho nacho. Hapa alikuwa na waya wa klachi. Kama afisa bustani angeandika sentensi moja tarehe 26, kwamba eneo la mbele litakatwa na la nyuma litafungwa kwa kamba, angekuwa amesema kile kile alichokifanya siku mbili baadaye kwa kulazimika.

Uchambuzi: uzi, waya na kinga

Kichwa kikizunguka mara 7,000 kwa dakika na ncha ya uzi ikiwa sentimita 21 kutoka katikati, ncha hiyo inakwenda karibu mita 150 kwa sekunde. Uzi wa nailoni ukigonga jiwe kwa mwendo huo unachakaa, unachanika, kipande chepesi kinaruka na kupoteza nguvu upesi. Waya wa klachi ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Ukigonga jiwe haukatiki wote. Uzi mmoja mmoja unavunjika na kuruka, urefu wa sentimita moja au chini, mwembamba kama sindano na wenye uzito wa chuma. Mtu haoni chochote, anasikia mlio tu. Siku nzima ya tarehe 27 waya ule ulikuwa ukirusha vipande kama hivyo na havikumpata mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja kwamba ni salama.

Kinga iliyoondolewa ilifanya mambo mawili mabaya. La kwanza kila mtu analijua: hakuna kinachozuia vitu kuruka kumwelekea mwendesha mashine na pembeni. La pili halizungumzwi. Ndani ya kinga kuna kisu kidogo kinachokata uzi ukizidi urefu. Bila kisu hicho uzi unaachwa mrefu, sentimita 28 badala ya 21, injini inabeba mzigo usio wake, inachemka, na mwendeshaji anaona mashine "imechoka" na kukanyagia mafuta zaidi. Dawa ya majani mabichi kujisokota chini ya kinga ni kusubiri umande ukauke, hadi saa tatu au saa nne, na kukata kwa awamu mbili: kwanza juu kwa kimo cha nusu ya majani, kisha chini. Inachukua muda zaidi. Ndiyo maana siku iliyoanza saa 12 na nusu asubuhi iliharibu zaidi ya ilivyosaidia: saa mbili za mwanzo mashine zilikuwa zinakata maji.

Barakoa ya wavu ambayo mwendesha mashine alikuwa nayo isingemsaidia mama hata kama angeivaa yeye. Matundu ya wavu yanapitisha uzi wa chuma. Kinachohitajika ni miwani ya plastiki ngumu iliyoziba pembeni, chini ya barakoa kwa mwendeshaji, na peke yake kwa kila anayefanya kazi kwenye kitalu kinachopakana. Madukani wakati huo jozi moja ilikuwa kati ya shilingi 3,000 na 5,000.

Uchambuzi: umbali na kugeuka

Watengenezaji wa mashine hizi huandika umbali wa mita 15 kutoka kwa mtu mwingine yeyote, na wanamaanisha pande zote. Hatua sita za mpiga reki zilikuwa mita 4 au 5. Alijiona salama kwa sababu alikuwa nyuma, na kwa kweli nyuma ni afadhali kuliko kushoto mbele. Lakini "nyuma" ya mtu anayekata mistari inadumu hadi mwisho wa mstari tu. Akigeuka, pande zote zinabadilika kwa sekunde moja, na yeye ana viziba masikio, injini inanguruma, macho yako kwenye ukingo.

Ule utaratibu wa zamani wa kitalu kwa kitalu ulilinda watu bila wao kufikiria. Mashine ikiwa kitalu cha tatu na reki kitalu cha kwanza, hakuna cha kukumbuka. Ulipoondolewa ili kuharakisha, umbali ukawa jambo la kukumbuka kila dakika kwa watu waliokuwa kwenye saa yao ya nne ya kuinama. Tena kuokota kulikosimamishwa kulikuwa na kazi mbili: kupunguza vitu vya kurushwa, na kumwonyesha mwendesha mashine mapema mahali penye mawe ya ukingo yaliyofunikwa na majani. Na hapa wanarudi kunguru. Kitalu kile kilikuwa karibu na mapipa mawili yasiyo na mifuniko. Baada ya ajali viliokotwa humo vifuniko vya soda 41 na vipande vya chupa, siku mbili baada ya kuamuliwa kwamba kuokota ni kupoteza muda.

Uchambuzi: mafuta

Hili ndilo lililoanzisha yote na ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha. Kwa oili iliyoandikwa 50 kwa 1, kila lita ya petroli inataka mililita 20; dumu la lita 5 linataka mililita 100. Kwa oili ya 25 kwa 1 ni mililita 40 kwa lita, 200 kwa dumu. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko cha chupa ya maji, vifuniko havilingani. Tangulia na oili na petroli kidogo, tikisa, kisha jaza. Tikisa tena kila unapomimina kwenye tangi. Oili ya gari isiwekwe humo hata kidogo: haiungui vizuri, inaziba plagi, na mashine itawaka leo na kugoma kesho.

Dumu la mchanganyiko liwe la rangi tofauti kabisa na dumu la pampu, si la rangi moja lenye maandishi, maana maandishi ya kalamu hufutwa na petroli yenyewe.

Kilichofanya kazi

Kikombe cha karatasi. Daktari alisema jicho lililotobolewa likibanwa au kufikichwa linaweza kumwaga kilichomo ndani. Maji yana mahali pake: dawa au oili ikiruka jichoni, osha mara moja na kwa muda mrefu. Kitu kikiwa kimechoma na kuzama, usioshe, usitoe, funika bila kugusa, nenda. Aliyejua tofauti hiyo alikuwa msafisha vyoo, na hakuna orodha yoyote ya bustani iliyoonyesha kwamba anajua.

Daftari la mahudhurio. Mnyapara huyu ambaye ripoti haikumtaja kwa wema wala kwa ubaya hakuwahi kuruka siku hata moja, na saini ya asubuhi ndiyo iliyothibitisha kwamba mama alikuwa kazini siku ile, si mpita njia.

Kusimamisha kazi mara moja, bila kusubiri kibali. Mashine ya pili ilikuwa na waya ule ule mita 60 kutoka pale.

Msimu uliofuata

Vuli ilipokaribia, Oktoba, vibarua 10 walichukuliwa badala ya 14, na mikataba ikasainiwa siku ya kwanza wakiwa wamesimama mbele ya stoo. Malipo yaliandikwa "ujira". Roli tatu za uzi zilinunuliwa kabla ya msimu kwa utaratibu wa kawaida wa manunuzi, pamoja na miwani 12. Mafunzo yalihudhuriwa na wote, wa vyooni pia, na mnyapara aliambiwa mbele yao kwamba mashine isiyo na kinga au isiyo na uzi inalala, na aliyeilaza analipwa siku yake kama kawaida. Iliandikwa ukutani kwa chaki. Mara mbili msimu huo mashine zililala, mara moja kwa siku nzima.

Mapipa bado hayana mifuniko. Kinga ya ile mashine haikuonekana tena stoo, ikanunuliwa nyingine.